Kipimo kinasema homoni iko juu, mbona napewa homoni nyingine?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, wa mwisho ana miaka minne. Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta wakati wenzangu humu ndani wanajipepea. Hapo utajua nimefikia wapi.

Mambo yalianza kama mwaka mmoja uliopita. Kwanza uchovu. Si ule wa kazi, ambao ukilala unaondoka. Huu nalala nao na kuamka nao. Nikichana nywele, kitana kinabaki kimejaa. Choo napata kwa shida, pengine siku ya nne. Sauti imekuwa nzito hadi mtu akinipigia simu anauliza kama nina mafua. Hedhi nayo imepoteza mpango: mara inakuja kabla ya siku zake na kutoka nyingi, mara mwezi mzima haionekani. Nimeongezeka kilo 7 na wala sili kama zamani. Nasahau pia. Juzi nilisimama mlangoni, ufunguo mkononi, nikitafuta ufunguo.

Mume wangu si mtu mbaya, lakini ameshasema mara mbili kwamba nimekuwa mvivu na ugonjwa wenyewe uko kichwani.

Nilikwenda hospitali nikatolewa damu. Daktari alikuwa na foleni ndefu nje, akaniambia harakaharaka: "Homoni zako zimevurugika. Meza kidonge hiki kila asubuhi, urudi baada ya wiki sita." Nikameza wiki mbili, pamoja na vidonge vya kuongeza damu na vitamini za nywele, vyote kwa mpigo mmoja ili nisisahau hata kimoja. Sikuona tofauti. Ndipo siku moja nikakunjua karatasi ya majibu nikaisoma mwenyewe. Imeandikwa TSH 18.6, kawaida 0.4 hadi 4.0, na pembeni kuna mshale unaotazama juu. Chini yake T4 huru 7, kawaida 12 hadi 22. Nikachukua na ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa, nayo inasema kidonge chenyewe ni homoni. Shangazi, nguvu ziliniisha. Homoni imepita kiwango zaidi ya mara nne, na wao wananiongezea nyingine? Nikaacha.

Wifi yangu naye ana unga aliouziwa wa "kusafisha na kusawazisha homoni zote". Unaukoroga kwenye maji kwa siku 21. Anaapa kwamba wiki ya kwanza tu maumivu ya magoti yaliisha, akapata nguvu na hamu ya kula, na uso ukajaa ukawa wa mviringo. Sasa yuko kwenye kopo la nne. Na mimi ameniletea langu, liko kabatini, sijalifungua.

Naomba unijibu. Kwa nini napewa homoni wakati ninazo nyingi? Nikimeza hicho kidonge, tezi yangu haitazembea nikawa mtumwa wa dawa maisha yote? Unga ninywe au nisinywe? Halafu tunataka mtoto wa tatu mwaka huu, tuendelee kujaribu?

Ni mimi,
Mvaa Sweta

*

Marahaba mwanangu,

Kopo liache hapo hapo kabatini. Nitalirudia. Kwanza kachukue ile karatasi ya majibu, inyooshe mezani, uweke kidole kwenye mstari wa TSH. Nilikaa maabara miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na kama kuna karatasi inayowachanganya watu wenye akili zao timamu, ni hii. Mtu anaona mshale unatazama juu, anahitimisha kuwa homoni zimejaa. Kosa lako lina mantiki kabisa. Tatizo ni kwamba TSH haitoki kwenye tezi ya shingoni.

Inatoka kichwani. Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, uzito wake kama nusu gramu, inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa TSH, na kazi ya TSH ni kuiita tezi ya shingoni, yaani thairoidi. Thairoidi inaitika kwa kutoa homoni zake mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo.

Wewe ni mama, kwa hiyo picha hii unaiishi. Unamwita mtoto aliye chumbani. Mara ya kwanza unaita kwa sauti ya kawaida. Akiitika "abee!" (au "naam!" kama ni wa kiume), unanyamaza, maana umesikiwa. Asipoitika unapandisha sauti. Kimya. Unapandisha tena, mpaka jirani anatoka nje kuangalia kuna nini. Mpita njia asiyejua kinachoendelea akisikia kelele zile atadhani nyumba imejaa watu, kumbe ni mama mmoja anaita na mtoto haitiki. Hiyo 18.6 ni sauti ya pituitari. Ile 7 iliyo chini yake ndiyo "abee" ya thairoidi, na ni abee ya mgonjwa, haifiki hata 12. Kwa hiyo homoni ya thairoidi mwilini mwako ni pungufu. Daktari hakukuongezea kilicho juu, alikuongezea kilicho chini, ili kilicho juu kishuke chenyewe.

Hapo kwenye kushuka chenyewe ndipo penye utamu. T4 ikiwa ya kutosha, damu hiyo hiyo inayoisambaza inapita pia kwenye pituitari, na kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake ambayo huichochea kwa homoni yake nyingine iitwayo TRH. Zikiionja damu na kuona imetosheka, zote mbili hupunguza sauti. Ikipungua, hupandisha. Hakuna bosi aliyekaa mahali na daftari. Damu inabeba mwito, na damu hiyo hiyo inarudisha jibu. Na masikio ya pituitari ni makali ajabu. T4 ikishuka nusu tu, TSH inaweza kupanda mara mia. Ndiyo maana sisi wa maabara tunaipenda TSH: inapiga kelele mapema, mara nyingine T4 ikiwa bado ndani ya kiwango na mgonjwa hajaanza hata kutafuta sweta.

Ndiyo maana pia mstari mmoja hausomwi peke yake. TSH juu na T4 chini, kama wewe, tezi ya shingoni imelemewa. TSH ikiwa chini kabisa, 0.01 hivi, na T4 juu, hapo mama amenyamaza lakini mtoto anaitika tu, abee, abee, bila kuitwa. Mgonjwa huyo anatokwa jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na anakonda huku anakula. Na T4 ikiwa chini lakini TSH haikupanda, basi mama mwenyewe ndiye aliyepoteza sauti, na daktari mzuri ataacha shingo aanze kuichunguza pituitari.

Sasa ile kauli ya "homoni zako zimevurugika". Simlaumu mtu mwenye foleni mlangoni, ila kauli hiyo ni sawa na fundi kukwambia gari lako "lina shida". Mwili una homoni zaidi ya 50, na kila moja ina kinachoiita na kinachoinyamazisha. Insulini ya kongosho hupanda sukari ikipanda na hushuka sukari ikishuka, tena ikishaingia kwenye damu haidumu, ni suala la dakika chache. Kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, inafuata saa: iko juu asubuhi unapoamka, iko chini kabisa karibu na usiku wa manane, kwa hiyo majibu ya kotisoli yasiyoandikwa saa ya kutoa damu hayana maana. Nyuma ya thairoidi yako kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele ambavyo kazi yao kubwa ni kulinda kalsiamu ya damu isipande wala kushuka. Halafu kuna mambo yanayokwenda kinyume kabisa. Wakati wa uchungu, oksitosini inakaza mji wa mimba, kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa kizazi, na ule msukumo unaita oksitosini zaidi, badala ya kuinyamazisha, mpaka mtoto atoke. Wewe umeyapitia mara mbili, huhitaji nikusimulie.

Basi mtu akikwambia homoni zimevurugika, muulize ni ipi, na imepanda au imeshuka. Muuza unga hawezi kujibu hata swali la kwanza, maana wake unasawazisha "zote". Unga unaojua wenyewe ipi uipandishe na ipi uishushe, ndani ya glasi moja ya maji, mimi sijawahi kuuona.

Nirudi kwako. T4 ni kama akiba. Ini na viungo vingine huivua chembe moja ya madini joto kati ya nne ilizonazo, ikawa T3, na hiyo ndiyo inayofanya kazi yenyewe. T3 inaingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamuru jeni zipi zifanye kazi na kwa kasi gani, na humo ndimo inamopangwa kasi ya seli kuchoma chakula. Kasi ikipungua, joto linapungua, ukavaa sweta. Utumbo nao unajikokota, ukafika siku ya nne. Nywele zinaingia likizo kabla ya wakati wake. Sauti nzito inatokana na dutu inayovuta maji ambayo hujikusanya chini ya ngozi na kwenye nyuzi za sauti, zikavimba. Na hedhi, hapa nastaajabu kila mara: ile TRH inayoichochea pituitari itoe TSH huichochea pia itoe prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ikizidi inaingilia mwito mwingine kabisa, ule unaokwenda kwenye ovari. Mama anapiga kelele kwa mtoto wa chumba hiki, na wa chumba cha pili anashindwa kulala.

Kuhusu kilo 7 nitasema kweli hata kama hutaipenda. Sehemu yake ni maji na chumvi, na hiyo itaondoka ukitibiwa. Lakini wachache sana wanaoshuka kilo zote kwa kidonge hiki peke yake, na asiongezewe mtu dozi ili akonde. Moyo na mifupa ndivyo vitakavyolipa.

Mumeo msomee sentensi inayofuata. Ugonjwa uko shingoni, na kichwa cha mkeo ndicho kinachofanya kazi vizuri kuliko viungo vyote, maana hakijachoka kuita.

Tuje kwenye zile wiki mbili ambazo hukuona kitu. Nilipofika kwenye barua yako pale ulipoandika "kwa mpigo mmoja" niliweka miwani chini. Vidonge vya kuongeza damu ni madini ya chuma, na chuma kikikutana tumboni na levothairoksini (hilo ndilo jina la kidonge chako) hushikana, na sehemu kubwa ya dawa inapita kwenda zake bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu inafanya hivyo hivyo. Yaani ulikuwa unaimeza dawa na mlinzi wake wa kuifukuza. Vidonge vya kuongeza damu unavihitaji, kwa hedhi hizo siwezi kukwambia uache, ila vipeleke mchana au usiku, upite muda wa saa nne au zaidi tangu kidonge cha asubuhi. Hicho cha asubuhi kimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, halafu usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Kahawa nayo isubiri.

Hata ungemeza kwa ufundi wote, wiki mbili zisingetosha. Nimekwambia insulini ni ya dakika. T4 ni mtu wa aina nyingine. Karibu yote inasafiri imeshikiliwa na protini za damu, chini ya asilimia 1 ndiyo iliyo huru (ndiyo hiyo "T4 huru" ya kwenye karatasi yako), na inachukua kama siku 7 kupungua nusu. Kitu kinachoondoka polepole hivyo hujaa polepole pia: wiki ya kwanza nusu ya safari, ya pili robo tatu, na ukifika wiki ya tano au ya sita ndipo kiwango kinatulia, na pituitari nayo inahitaji muda wa kuamini kwamba kweli imeitikiwa. Wiki sita za daktari wako hazikuwa za kukusahau. Ni hesabu hiyo. Upande mzuri wa uvivu huo ni kwamba ukisahau kidonge siku moja huanguki. Ukikumbuka, meza, maisha yaendelee.

Je, tezi itazembea? Ukimeza dozi inayokufaa, pituitari itapunguza mwito, kwa hiyo ndiyo, thairoidi itaitwa kwa upole zaidi. Lakini kidonge hakiiharibu. Ukiacha, ndani ya wiki chache pituitari itaanza tena kuita na tezi itaitika kwa nguvu ile ile iliyobaki nayo. Shida yako ni kwamba hiyo iliyobaki ni ndogo, na ilikuwa ndogo kabla hujaonja dawa. Sababu inayoongoza pale ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha ni kingamwili za mtu mwenyewe kuishambulia thairoidi yake, ugonjwa uliopewa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeuandika mwaka 1912. Unawapata wanawake kuliko wanaume kwa mbali. Muombe daktari kipimo cha kingamwili za TPO (kimeng'enya cha thairoidi ambacho kingamwili hizo hukishambulia), uijue sababu yako. Na usikimbilie kununua matone ya madini joto kwa sababu umesoma mahali kwamba tezi inayahitaji. Kwa anayekosa ni tiba, lakini tezi yenye Hashimoto ukiimwagia madini joto mengi inaweza kufunga duka kabisa. Chumvi yenye madini joto inatosha.

Ikiwa ni Hashimoto, huenda ukameza maisha yote. Neno "mtumwa" nalikataa. Kilichomo kwenye kidonge ni T4 ile ile, haina tofauti na ambayo shingo yako ingetengeneza, kwa maikrogramu. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mwanamke wa miaka 46 mwenye ugonjwa kama wako ulioachwa ukakomaa. Alimdunga maji ya tezi za kondoo, baadaye akawa anamnywesha. Mwanamke yule aliishi miaka 28 zaidi, na kwa hesabu ya daktari wake zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Wewe unadaiwa punje moja na glasi ya maji.

Sasa lile kopo, na hapa nina wasiwasi na wifi yako kuliko wewe. Magoti yanayopona ndani ya wiki, nguvu za ghafla, hamu ya kula, uso kuwa wa mviringo: mtu wa hospitali akisikia mambo hayo manne kwa pamoja anawaza steroidi, jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Dawa zinazouzwa kama za mitishamba zimewahi kupelekwa maabara na kukutwa zimechanganywa nazo kwa siri, maana hakuna kitu kinachomfanya mteja arudi kama hicho. Steroidi hizo zinaiga kotisoli. Ubongo ukizihisi kwenye damu unaamini kotisoli imejaa, unaacha kuziita tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Tofauti na tezi yako, hizi zisipoitwa wiki nyingi husinyaa kweli. Kisha siku kopo linaisha na fedha hakuna, mtu anaacha ghafla, ubongo unaita, adrenali hazina cha kujibu. Anatapika, analegea, presha inashuka, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo usimwambie wifi "acha unga huo leo". Mwambie aende hospitali kesho, na kopo aende nalo, aseme ameutumia muda gani. Kama ni steroidi, atashushwa kidogo kidogo. La kwako mpe alibebe pia, wapate cha kupima.

Mtoto wa tatu asubiri kidogo. Katika wiki 12 hivi za mwanzo, kijusi hakina thairoidi inayofanya kazi, ubongo wake unajengwa kwa T4 ya mama. Mama mwenye T4 ya 7 hana cha kugawa, na hatari ya mimba kutoka ni kubwa zaidi. Mwambie daktari waziwazi kwamba mnatafuta mtoto, maana lengo litabadilika: wengi hutaka TSH iwe chini ya 2.5 kabla ya kushika mimba. Mpaka hapo tumieni kinga. Ukishaanza kujaribu na hedhi ikachelewa, pima mimba, na ikiwepo nenda kliniki wiki hiyo hiyo, usisubiri miadi, kwa sababu dozi huhitaji kupandishwa mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi. Wakikwambia umeze zaidi usidhani wamekosea tena.

Rudi kwa yule yule daktari wiki hii, umwambie uliacha na kwa nini. Atakuanzishia upya na kuzihesabu zile wiki sita kutoka siku hiyo. Katikati hapo moyo ukianza kukimbia, mikono ikatetemeka, usingizi ukapotea, dozi imezidi, rudi mapema. Na ukianza kusinzia mchana kutwa, mwili wa baridi, maneno hayaeleweki, hiyo ni dharura, wakupeleke usiku huo huo.

Siku tatu kabla ya kwenda kutoa damu, acha zile vitamini za nywele. Nyingi zina bayotini, na mashine zetu nyingi za kupimia homoni hutumia bayotini hiyo hiyo kama gundi. Ikijaa kwenye damu, TSH inaweza kusomeka chini na T4 juu wakati si kweli, na utaambiwa umepona kumbe hujapona. Asubuhi ya kipimo, kidonge kitie kwenye mkoba pamoja na chupa ya maji. Umeze ukishatolewa damu.

Shangazi